Kuunganisha Visivyofanana: Historia ya Kuainishwa kwa Gegedu, Mfupa na Damu kuwa Tishu Unganishi, 1801–1924

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna gegedu, mfupa na damu vilivyokuja kuhesabiwa kuwa tishu za kundi moja, yaani tishu unganishi. Hoja inayotetewa ni kwamba kundi hili halikupatikana kwa ugunduzi mmoja, wala halikuwa zao la moja kwa moja la nadharia ya seli. Gegedu na mfupa viliingizwa kwa ushahidi wa muundo ulioonekana kwa hadubini katika miaka ya 1840 na 1850. Damu iliingizwa baadaye, kwa ushahidi wa chimbuko katika kiinitete na katika uboho. Kwa hiyo jina la kundi linataja kazi ya kuunganisha, ilhali vigezo vilivyolijenga ni muundo na asili. Insha inahitimisha kwa kuonesha maana ya tofauti hiyo kwa istilahi ya Kiswahili na kwa ufundishaji wa biolojia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa biolojia hufundishwa kwamba mwili wa mnyama umejengwa kwa aina kuu nne za tishu: epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva. Chini ya aina ya pili huorodheshwa kano, mafuta, gegedu, mfupa na damu. Orodha hiyo hukaririwa kwa wepesi, ilhali ukiitazama kwa makini inashangaza. Mfupa ni mgumu na huvunjika. Gegedu hupindika na kurudi lilivyokuwa. Damu hutiririka na haina umbo lake yenyewe. Anayevishika vitatu hivi kwa mkono hana sababu ya kuviita ndugu.

Jibu linalotolewa na vitabu vingi vya kufundishia ni fupi: vyote vitatu vina seli zilizotawanyika ndani ya dutu iliyo baina yao. Katika mfupa dutu hiyo imejaa chumvi za kalisi na fosfeti. Katika gegedu ni nzito na inanyumbulika. Katika damu ni majimaji yaitwayo plazima. Jibu hili ni sahihi kwa kadiri yake. Hata hivyo, linatolewa kana kwamba mtu alitazama mara moja katika hadubini akaona kufanana huko. Historia inasema vingine. Kuanzia orodha ya kwanza ya tishu mwaka 1801 hadi damu ilipopata nafasi iliyotetewa kikamilifu miongoni mwa tishu unganishi, ilipita zaidi ya karne moja, na katika muda huo wataalamu mashuhuri walivitenganisha vitu hivi vitatu kwa sababu nzuri.

Insha hii inauliza maswali mawili. Kwanza, ni ushahidi wa namna gani uliotumika kuingiza kila kimoja katika kundi? Pili, je, ushahidi huo ulikuwa wa aina moja kwa vyote vitatu? Majibu ya maswali haya yana uzito kwa yeyote anayetunga istilahi au kuandika kitabu cha sayansi kwa Kiswahili, kwa kuwa fasili ya istilahi huamua kile ambacho msomaji atakitarajia.

2.0 Kabla ya Dhana ya Tishu

Wazo la kwamba mwili una sehemu zinazofanana zenyewe kwa zenyewe ni la kale. Aristotle alitofautisha sehemu sare, ambazo ukizikata kila kipande hubaki na jina lile lile, na sehemu zisizo sare, kama vile mkono au uso. Damu, uboho, mfupa, gegedu na nyama vyote viliwekwa katika sehemu sare. Aidha, aliandika kwamba gegedu na mfupa vina asili moja na vinatofautiana kwa kuzidi na kupungua tu. Kauli hiyo ilitokana na kulinganisha wanyama, hasa samaki ambao kiunzi chao ni cha gegedu na wale ambao kiunzi chao ni cha mfupa.

Katika utabibu wa Kiislamu mpangilio huo ulibadilika kwa namna inayohusu mada yetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliorodhesha katika *al-Qanun fi al-Tibb* viungo sahili vyenye sehemu zinazofanana, akianza na mfupa na kufuatiwa na gegedu. Alieleza kwamba gegedu ni laini kuliko mfupa na gumu kuliko viungo vingine, na kwamba faida yake mojawapo ni kuufanya mfupa ukutane na viungo laini bila kuviumiza. Damu haikuwamo katika orodha hiyo. Ilikuwa miongoni mwa ahlati nne, yaani majimaji ambayo viungo vyenyewe hutokana nayo. Mpaka uliowekwa hapa ulidumu kwa karne nyingi: mfupa na gegedu ni vitu vilivyojengwa, damu ni kile kinachojenga. Ili damu iwe tishu, ilibidi kwanza mpaka huu uvunjwe.

3.0 Bichat na Tishu 21

Dhana ya tishu kama msingi wa anatomia hunasibishwa kwa haki na Xavier Bichat, tabibu wa Paris aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30. Katika *Anatomie générale*, kitabu kilichotoka mwaka 1801, aliugawa mwili katika tishu 21. Bichat hakutegemea hadubini, kwa kuwa vyombo vya wakati wake vilipotosha picha na yeye hakuviamini. Alitegemea kisu, maji ya moto, asidi, alikali, ukaushaji na uozeshaji. Tishu mbili zilikuwa tofauti kwake iwapo ziliitika tofauti katika majaribio hayo, au iwapo ziliugua kwa namna tofauti.

Kwa kigezo hicho, mfupa ulikuwa tishu moja, gegedu tishu nyingine, tishu ya nyuzi nyingine, na tishu ya nyuzi na gegedu kwa pamoja nyingine tena. Tishu iliyojaza nafasi kati ya viungo ilikuwa na nafasi yake ya pekee, nayo aliiita tishu ya seli. Ni muhimu kutanabahisha kwamba neno "seli" hapa halikuwa na maana ya leo. Lilimaanisha vijumba vitupu vinavyoonekana tishu hiyo inapopulizwa hewa au kuvutwa. Miaka zaidi ya 30 kabla yake, mwaka 1767, Théophile de Bordeu alikuwa ameiandikia tishu hiyo hiyo kitabu kizima na kuiita tishu ya ute.

Damu haimo katika tishu 21 za Bichat. Mishipa inayoipitisha imo, damu yenyewe haimo. Kwa hiyo mwanzo wa histolojia haukuvileta vitu vyetu vitatu pamoja. Uliviweka mbali zaidi kuliko Aristotle alivyoviacha: viwili vikawa tishu tofauti, na cha tatu kikawa si tishu kabisa.

4.0 Jina Kabla ya Kundi

Mwaka 1830 Johannes Müller alianza kutumia neno la Kijerumani *Bindegewebe*, yaani tishu inayofunga au kuunganisha. Alichokitaja ni ile tishu laini ya Bordeu na Bichat, inayoshikanisha viungo na kujaza nafasi kati yake. Kwa tishu hiyo jina lilifaa kabisa, kwa kuwa kazi yake ya kuunganisha ilionekana kwa macho. Mfupa na gegedu havikuwa sehemu ya maana ya neno hilo, sembuse damu.

Nukta hii ni ya msingi kwa hoja ya insha. Jina lilitangulia kundi. Lilitungwa kwa ajili ya mwanachama mmoja, kisha wanachama wengine wakaongezwa bila jina kubadilishwa. Ugumu anaoupata mwanafunzi anapojiuliza damu inaunganisha nini hautokani na uzito wa akili yake. Unatokana na historia ya neno.

5.0 Nadharia ya Seli Haikutosha

Katika miaka ya 1830 lenzi zilizorekebishwa kasoro ya rangi zilienea, na hadubini ikawa chombo cha kutegemewa. Huko Breslau wanafunzi wa Purkinje walichunguza muundo wa ndani wa mfupa na wa gegedu: tasnifu ya Deutsch kuhusu mfupa ilitoka mwaka 1834, na ya Meckauer kuhusu gegedu mwaka 1836. Ndani ya gegedu vilionekana vijumba vyenye chembe, na ndani ya mfupa vijishimo vidogo vilivyopangwa kuzunguka mifereji.

Theodor Schwann, aliyefanya kazi chini ya Müller mjini Berlin, aliyatumia maarifa hayo katika kitabu chake cha mwaka 1839. Gegedu lilikuwa na nafasi ya pekee katika hoja yake. Kwa kuwa seli zake zimezingirwa na kuta nene, zilifanana kuliko seli nyingine za wanyama na zile ambazo Schleiden alikuwa amezieleza katika mimea. Kupitia gegedu na ugwe wa mgongo wa viluwiluwi, Schwann alipata daraja la kutoka mmea hadi mnyama.

Ingetarajiwa basi kwamba nadharia ya seli ndiyo iliyoviunganisha gegedu, mfupa na damu. Lakini uainishaji wa Schwann mwenyewe unalikanusha tarajio hilo. Alizigawa tishu katika madaraja matano kwa kufuata uhusiano wa seli na wenzake. Daraja la kwanza lilikuwa la seli huru zinazoelea katika majimaji. Humo aliweka chembe za damu pamoja na zile za limfu, ute na usaha. La pili lilikuwa la seli huru zilizoshikamana, kama za epithelia na kucha. La tatu lilikuwa la seli ambazo kuta zake zimeungana. Humo aliweka gegedu, mfupa na meno. La nne lilikuwa la seli zinazogeuka nyuzi. Humo aliweka tishu unganishi ya Müller na kano. La tano lilikuwa la seli zilizoungana kuta na uwazi wake, kama za misuli na neva.

Kwa maneno mengine, vitu ambavyo leo tunavihesabu katika kundi moja vilikuwa katika madaraja matatu tofauti. Schwann alikuwa na seli, alikuwa na hadubini nzuri, na hakuliona kundi. Sababu yake inaeleweka: alikuwa akiitazama seli, na dutu iliyo baina ya seli ilikuwa kwake jambo la pili. Kundi la tishu unganishi halingeweza kuonekana mpaka mtu ageuze macho kutoka kwenye seli na kuiuliza dutu hiyo maswali.

6.0 Reichert, Virchow na Udugu wa Gegedu na Mfupa

Aliyefanya hivyo ni Karl Bogislaus Reichert, mwanafunzi mwingine wa Müller, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1845 akiwa Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu nchini Estonia. Reichert alijenga hoja yake juu ya kuendeleana kwa tishu. Alionesha kwamba pale kano inapoingia katika mfupa, au utando unapofunika gegedu, hakuna mstari unaozitenga: dutu ya moja inaingia katika dutu ya nyingine hatua kwa hatua. Vitu vinavyoendeleana namna hiyo, alisema, ni vya jamii moja. Hivyo tishu unganishi, kano, gegedu na mfupa vikawa kundi moja la dutu unganishi. Baadhi ya maoni yake, hasa kuhusu nyuzi ambazo alizichukulia kuwa mikunjo tu, hayakusimama. Kundi lenyewe lilisimama.

Kilichokosekana kwa Reichert ni ushahidi wa seli. Huo ulitolewa na Rudolf Virchow mjini Würzburg mwaka 1851. Kwa kulainisha tishu kwa asidi, alizitoa chembe za mfupa katika vijishimo vyake, akazilinganisha na zile za gegedu na za tishu unganishi ya kawaida, na kutetea kwamba ni seli za aina moja zilizo katika dutu tofauti. Kuanzia hapo kundi lilikuwa na mihimili miwili: kuendeleana kwa dutu kwa mujibu wa Reichert, na kufanana kwa seli kwa mujibu wa Virchow. Vitabu vya kufundishia vya Albert von Kölliker (1852) na Franz Leydig (1857) viliyaeneza makundi machache mapana ya tishu badala ya orodha ndefu ya Bichat.

Uhusiano wenyewe wa gegedu na mfupa, hata hivyo, ulihitaji kurekebishwa. Kwa kuwa mifupa mingi ya kiinitete huanza kama gegedu, ilikuwa rahisi kudhani kwamba mfupa ni gegedu lililokomaa. Robert Nesbitt alikuwa amekwisha kuonesha mwaka 1736 kwamba mifupa mingine, kama ile ya kifuniko cha fuvu, huanzia katika utando bila kupitia gegedu. Mwaka 1858 Heinrich Müller alieleza kwamba hata pale gegedu linapotangulia, kwa sehemu kubwa huharibiwa na mfupa mpya hujengwa mahali pake. Mwaka 1864 Carl Gegenbaur alizipa jina la osteoblasti zile seli zinazojenga mfupa. Tokeo la kazi hizi ni kwamba gegedu halikuonekana tena kuwa mama wa mfupa. Vikawa ndugu wawili, ambao mmoja humpisha mwenziwe. Udugu huo ulitosha kuvibakiza katika kundi moja.

7.0 Damu: Mwanachama wa Mwisho

Chembe nyekundu za damu zilijulikana mapema. Antoni van Leeuwenhoek alizieleza mwaka 1674. Hata hivyo, kuziona chembe si sawa na kuiita damu tishu. Hadi katikati ya karne ya 19, tabibu mkubwa kama Carl von Rokitansky wa Vienna alieleza magonjwa mengi kuwa yanatokana na mchanganyiko mbaya wa damu. Katika mtazamo huo damu ilikuwa bado chanzo cha vitu vingine, kama ilivyokuwa katika utabibu wa ahlati.

Virchow aliupinga mtazamo huo. Katika mihadhara yake ya Berlin ya mwaka 1858, iliyochapishwa kwa jina la *Cellularpathologie*, alisisitiza kwamba damu haijitegemei. Seli zake na vitu vilivyomo hutoka katika viungo vingine, na hali yake hufuata hali ya viungo hivyo. Hapa ndipo mpaka wa kale ulipovunjwa. Damu iliacha kuwa kile kinachojenga mwili, ikawa sehemu ya mwili inayojengwa kama sehemu nyingine. Ilikuwa sasa inawezekana kuuliza: inajengwa wapi, na kwa undugu na nini?

Jibu la swali la kwanza lilikuja mwaka 1868. Ernst Neumann mjini Königsberg na Giulio Bizzozero mjini Pavia, kila mmoja kivyake, walionesha kwamba seli nyekundu hutengenezwa katika uboho. Mfupa, mwanachama mgumu kuliko wote wa kundi, ukawa nyumba ya damu.

Swali la pili lilijibiwa na embriolojia. Mwaka huo huo wa 1868, Wilhelm His wa Basel alidai kwamba damu, mishipa yake na tishu unganishi zote hutokana na chipukizi moja la pekee, tofauti na lile linalozaa epithelia, misuli na neva. Dai la chipukizi hilo lilikataliwa na wenzake, na kwa haki. Lakini ndani yake lilibeba wazo ambalo lilidumu kuliko nadharia yenyewe: kwamba damu na tishu unganishi ni za ukoo mmoja. Mwaka 1881 ndugu wawili, Oscar na Richard Hertwig, waliliweka wazo hilo katika sura iliyokubalika zaidi walipoeleza mesenkima, yaani seli zilizolegea za kiinitete, kuwa asili ya tishu unganishi na ya damu.

Mtetezi mkubwa wa udugu huo katika karne ya 20 alikuwa Alexander Maximow, aliyefanya kazi St. Petersburg na kuhamia Chicago mwaka 1922. Mwaka 1909 alieleza kwamba seli zote za damu hutokana na seli moja ya asili. Katika makala yake marefu ya mwaka 1924 alijadili kwa kina uhusiano wa seli za damu na tishu unganishi, akionesha jinsi seli za damu zinavyotoka katika mishipa na kufanya kazi ndani ya tishu hiyo. Kwake, damu na tishu unganishi hazikuwa nchi mbili zenye mpaka uliofungwa.

8.0 Mjadala

Maelezo yaliyotangulia yanaonesha kwamba ushahidi haukuwa wa aina moja. Gegedu na mfupa viliingia kwa muundo: dutu inayoendeleana na seli zinazofanana. Damu haikuweza kuingia kwa mlango huo. Dutu yake ni majimaji, haitengenezwi na seli zinazoelea ndani yake, na nyuzi huonekana humo pale tu damu inapoganda. Iliingia kwa mlango wa asili. Fasili ya vitabu vya leo, ya seli zilizotawanyika katika dutu, ilikuja kufunika milango yote miwili kwa pazia moja.

Je, mlango wa asili umebaki imara? Kwa sehemu tu. Tafiti za nusu ya pili ya karne ya 20 zilionesha kwamba katika uboho kuna koo mbili za seli za asili: ukoo wa damu, ambao Till na McCulloch walitoa ushahidi wake Toronto mwaka 1961, na ukoo wa kiunzi, unaozaa mfupa, gegedu na mafuta, uliochunguzwa na Friedenstein nchini Urusi. Hili linalegeza madai ya Maximow. Kwa upande mwingine, osteoklasti, seli kubwa zinazokula mfupa, zilibainika kuwa za ukoo wa damu. Mfupa ulio hai hauwezi kufanyizwa upya bila seli za koo zote mbili. Kwa hiyo damu ni jamaa wa mbali zaidi kuliko gegedu, lakini si mgeni. Ndiyo maana baadhi ya waandishi huiita tishu unganishi maalumu, na wengine huiweka peke yake. Wote wana historia ya kuwaunga mkono.

Suala hili lina sura yake katika Kiswahili. Istilahi "tishu unganishi" inabeba kitenzi "unganisha" waziwazi, kama neno la Müller lilivyobeba kile cha kufunga. Zaidi ya hayo, katika lugha yetu damu ina maana ya ukoo, na husemwa kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mwalimu anaweza kushawishika kueleza kwamba damu ni tishu unganishi kwa kuwa huunganisha viungo kwa kupeleka chakula na hewa kutoka kimoja hadi kingine. Maelezo hayo yanakaa vizuri akilini, lakini siyo yaliyoiingiza damu katika kundi, na yakifuatwa kwa uaminifu yangeingiza neva pia, ambazo huunganisha viungo kwa kupeleka habari. Kigezo kinachokubali vilivyo nje ya kundi si kigezo.

9.0 Hitimisho

Gegedu, mfupa na damu havikuunganishwa kwa kutazamwa tu. Bichat alivitenga kwa majaribio ya kikemikali, Schwann kwa umbo la seli, na kila mmoja alikuwa na hoja. Reichert na Virchow waliunganisha viwili vya kwanza kwa kuigeukia dutu iliyo baina ya seli. Neumann, Bizzozero, ndugu Hertwig na Maximow walikisogeza cha tatu karibu kwa kufuatilia kinakozaliwa. Inapendekezwa kwamba kamusi na vitabu vya biolojia vya Kiswahili vinapofasili tishu unganishi vitaje vigezo viwili kwa uwazi, muundo na asili, na vieleze kwamba jina lilitokana na mwanachama mmoja wa kundi. Mwanafunzi akiambiwa hivyo, swali lake la damu inaunganisha nini litakuwa na jibu la kweli: jina halikutungwa kwa ajili yake, na uanachama wake una ushahidi wa namna nyingine.